Kigoma, Mwisho wa Reli na Mwisho wa Ratiba

Boksi la dagaa liko juu ya mizani ya kaunta, limefungwa kamba ya katani mara tatu na kuandikwa jina kwa kalamu nene. Mizani inasoma 31. Mhudumu anapiga hesabu: kilo 23 za tiketi, kilo 8 za kulipia. Abiria analipa, anapewa risiti na kipande cha lebo, anapanda ndege. Dar es Salaam mkanda wa mizigo unazunguka hadi unazimwa, boksi halijatokea. Limebaki Kigoma, na mwenyewe anaambiwa hivyo baada ya kusimama pale nusu saa nzima.

Lawama za abiria wa Kigoma na Tabora kuhusu usafiri wa anga huishia mara nyingi kwenye uso wa mhudumu, ukubwa wa keki na juisi ya nusu glasi. Hayo ni madogo. Safari ya saa mbili haiharibiwi na keki. Inaharibiwa na kilo na dakika, na zaidi ya hapo inaharibiwa na watu wenye habari za kilo na dakika hizo wanaponyamaza.

Tuanze na kilo. Bombardier Q400, pangaboi ya viti 76 ambayo Air Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2016, inaweza kubeba takribani tani 8.5 za watu na mizigo kwa pamoja. Tuseme viti vimejaa, na tutumie kilo 84 ambazo Ulaya hukadiriwa kwa mtu mzima pamoja na begi lake la mkononi. Watu peke yao wanafika kilo 6,384. Kila mmoja akileta kilo 23 zake, zinaongezeka 1,748. Jumla 8,132. Kinachobaki hakifiki kilo 400, yaani maboksi 16 ya kilo 23 kwa ndege nzima. Kwa mji ambao kila anayesafiri ametumwa dagaa, mawese au vyote viwili, maboksi 16 ni ya watu wa safu nne za mbele tu.

Na hapo mafuta hayajahesabiwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,080. Ndege hubeba mafuta ya safari yenyewe, ya kwenda uwanja wa akiba endapo Kigoma haitatulika, na ya dakika 30 za mwisho ambazo hazitarajiwi kuguswa. Uwanja wa akiba ukiwa Tabora, hiyo ni kilomita 350 nyingine. Wingu la mvua likionekana juu ya Ziwa Tanganyika, rubani ataomba ya kuzungukia angani wakati anasubiri lipite. Q400 huchoma takribani tani moja kwa saa. Nusu saa ya mafuta ya tahadhari ni nusu tani, na nusu tani ni mabegi zaidi ya 20 ya kilo 23.

Kisha kuna joto. Uwanja wa Tabora uko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari. Oktoba, kabla mvua hazijashika, mchana hufika nyuzi 32 au 33. Hewa ya moto ni nyepesi. Kwa injini, panga na mabawa, Tabora ya saa nane mchana ni sawa na uwanja ulio mita 2,100 hivi katika hali ya kawaida. Ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka, na sheria inataka kwamba injini moja ikizimika wakati huo, iliyobaki iweze kuipandisha na mzigo wake wote. Njia ya kurukia hairefushwi mchana huo na jua halipunguzwi, kwa hiyo kinachopunguzwa ni uzito. Ndiyo maana ndege ile ile iliyobeba kila kitu saa moja asubuhi inaacha mabegi saa nane. Mwenye mzigo mzito akate ya asubuhi. Atakwepa pia mawingu ya ngurumo ambayo msimu wa mvua huanza kujikusanya adhuhuri.

Kwa kawaida shehena ya biashara hushushwa kwanza, ikifuatiwa na mizigo ya ziada, kisha mabegi ya kawaida, na abiria huja mwisho. Utaratibu huo hauna ubaya. Ubaya ni kumwuzia mtu kilo 8 za ziada asubuhi ambayo meneja wa kituo ameshaona idadi ya abiria, utabiri wa hali ya hewa na mafuta yaliyoagizwa. Hakuna anayejua kwa uhakika boksi lipi litabaki hadi karatasi ya uzito ifungwe, lakini kwamba yapo yatakayobaki hujulikana mapema. Sentensi moja kaunta ingetosha: “Leo ndege imebana, mzigo wa ziada unaweza kuja na ya kesho. Je, kuna kitu ndani kisichoweza kulala?” Migebuka iliyobanikwa vizuri inalala usiku mmoja bila tabu. Migebuka mibichi kwenye barafu hailali. Mwenye mzigo akiulizwa, ataamua lipi litangulie, pengine atahamisha dawa na hati kwenye begi la mkononi, na anayempokea Dar hatapoteza nauli ya bajaji. Huduma hiyo haiigharimu kampuni hata shilingi.

Upande wa abiria nao una yake, na hapa tuzungumzie dumu la mawese, maana limechafua nguo za watu wengi wasio na hatia. Kigoma uwanja uko kama mita 820, na mgandamizo wa hewa ni karibu hektopaskali 920. Q400 ikiwa juu futi 25,000, chumba cha abiria na cha mizigo hubaki na hewa ya mtu aliye mlimani mita 2,400, karibu hektopaskali 750. Hewa iliyofungiwa ndani ya dumu inatanuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Dumu gumu lililofungwa Kigoma linasukuma kizibo kwa nguvu hiyo yote, na mawese, yakiwa yamelegezwa na joto la mchana, yanapata upenyo kwenye nyuzi za kizibo. Wengi huweka nailoni juu ya kizibo wakafunga kwa mpira. Nailoni hiyo inakusanya tu kilichokwisha kuvuja. Iwekwe chini ya kizibo, juu ya mdomo wa dumu, ndipo kizibo kikazwe. Kabla ya kukaza, bonyeza ubavu wa dumu kidogo hewa itoke, ili likifika juu liwe na nafasi ya kuvimba bila kusukuma. Kisha dumu lisimamishwe ndani ya ndoo yenye mfuniko, si kulazwa ndani ya begi la nguo. Asali ya Tabora inafuata kanuni hiyo hiyo. Ikiwa nzito huvuja polepole, ila ikivuja haifuliki kirahisi. Na anayeunganisha ndege ya kwenda nje ya nchi aiweke kwenye begi la chini, kwa sababu kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti kwenye ukaguzi wa abiria wa kimataifa, hata kiwe zawadi ya mkwe.

Kinachotokea kwenye dumu ndicho kinachotokea sikioni. Wakati wa kupanda, hewa ya ndani ya sikio hutoka yenyewe. Wakati wa kushuka, ambako huanza kama dakika 20 hadi 25 kabla ya kutua, mrija unaounganisha sikio na koo hujifunga, na hewa hairudi bila kusaidiwa. Kumeza mate, kutafuna au kupiga miayo kunatosha kwa wengi. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo wa kushuka, si wakati wa kuruka ambapo mama wengi huharakisha kumlaza. Mwenye mafua makali anaumia zaidi, na aliyelala usingizi mzito hamezi, hivyo mhudumu anayemwamsha abiria mapema kabla ya kutua anamfanyia wema kuliko anayemwacha “apumzike”.

Sasa dakika. Wazee husema Kigoma mwisho wa reli. Katika ratiba za ndege imekuwa vivyo hivyo, na uwanja wa mwisho wa njia hurithi uchelewaji wa viwanja vyote vilivyotangulia. Ndege moja ya ndani inaweza kuruka mara nne hadi sita kwa siku, na kati ya kutua na kuruka tena hupewa kama nusu saa. Ikichelewa Dar dakika 20, kisha Tabora ikaongeza 15 kwa sababu begi la mtu aliyekatisha safari linatafutwa chini ya mengine, Kigoma inapokea 35 kabla haijafanya kosa lolote. (Kuhusu begi hilo: abiria akitoweka, begi lake hushushwa kwa usalama. Lakini begi lililoachwa na kampuni yenyewe linaweza kusafiri peke yake kesho yake baada ya ukaguzi. Watu huona huo ni undumilakuwili, kumbe tofauti ni nani aliyeamua litengane na mwenyewe.)

Jioni mambo hubana zaidi. Marubani na wahudumu wana kikomo cha saa za kazi, na kikifika hakuna cha kubembeleza. Uwanja wowote usio na taa za njia ya kurukia hufungwa na machweo. Kigoma ina bahati ndogo ya kijiografia: iko magharibi kiasi kwamba jua lake huzama kama dakika 38 baada ya la Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Dakika hizo 38 zinaweza kuiokoa safari, au zikampa mpanga ratiba jeuri ya kuisogeza mbele mpaka isiokoke.

Abiria anaambiwa nini kuhusu haya yote? “Sababu za kiuendeshaji.” Maneno matatu yanayofunika mambo manne tofauti kabisa: hitilafu ya chombo, saa za marubani kwisha, hali ya hewa, na ndege kupelekwa njia nyingine yenye abiria wengi zaidi. La kwanza abiria hulielewa, tena hushukuru. La tatu haliwezi kulaumiwa na mtu mwenye akili timamu. La nne ni uamuzi wa biashara, na ndilo linalofaidika kwa kujificha nyuma ya mengine. Kwenye njia yoyote ambako jeti ya A220 yenye viti 132 inabadilishwa na Q400 ya viti 76, ikiwa imejaa, watu 56 hawana pa kukaa. Hao wanastahili kuambiwa neno “tumebadilisha ndege”, na waulizwe kwanza nani yuko tayari kusubiri kwa fidia kabla ya kuachwa wale waliochelewa foleni. Ulaya wamefika mbali zaidi: tangu kanuni ya 2004, kunyimwa kupanda bila ridhaa kunalipwa euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali.

Kuna ufundi hata katika kutangaza kuchelewa. Tangazo la “dakika 30” linalorudiwa mara nne ni baya kuliko tangazo moja la saa mbili. Aliyeambiwa saa mbili anarudi mtaani Mwanga akala, au anakwenda Ujiji kumalizia shughuli iliyobaki, akarudi ametulia. Aliyepigwa danadana ya dakika 30 anakaa kwenye kiti cha chuma saa mbili zile zile, bila chakula, akiogopa kwenda hata msalani. Kampuni hukwepa kutaja muda mrefu kwa hofu kwamba watu wakitawanyika, ndege ikiwahi haitakuwa na abiria. Hofu ya kweli, ila dawa yake ni kutaja muda wa kurudi uwanjani na kuuheshimu, hata kama ndege imewahi. Tena litangazwe kwa Kiswahili cha mtu anayeongea. Matangazo mengi yanasomeka kama yamepitia lugha nyingine kwanza, na mzee anayesafiri mara ya kwanza anabaki kumtazama jirani.

Wakati mwingine kaunta huwa tupu kabisa wakati watu wana maswali, na hili huwaudhi sana. Kwenye vituo vya mikoani mtu yule yule aliyepima begi lako ndiye anayekimbia nje kuhesabu mabegi, kusindikiza abiria hadi kwenye ngazi na kupeleka karatasi kwa rubani. Hajakimbia lawama. Lakini kampuni ikiweza kuandika bei za uzito wa ziada kwenye ubao, inaweza pia kuandika kwa chaki: ndege imeruka Tabora saa ngapi, inatarajiwa saa ngapi.

Ndani ya ndege yenyewe hakuna mengi ya kulalamikia. Q400 na ATR 72, ambayo Precision Air imeitumia kwa miaka mingi, zote zina viti viwili kila upande, kwa hiyo hakuna anayebanwa katikati. Kelele hutoka kwenye panga, na safu zinazokabiliana nazo ndizo zinazotetemeka zaidi. Q400 ina mitambo kwenye kuta inayotetema kinyume ili kuipunguza, ila anayetaka kulala aombe viti vya nyuma. Kwenye ATR abiria hupandia mlango wa nyuma, hivyo kiti kilicho karibu na mlango ndicho kilicho mbali na panga. Makabati ya juu ni madogo. Begi la magurudumu linaloingia kwenye jeti litachukuliwa chini ya ngazi na kuwekwa na mizigo mingine, basi toa kabisa simu, dawa na betri ya kuchajia, ambayo hairuhusiwi kwenye chumba cha mizigo.

Joto la wakati wa kupanda lina maelezo yake. ATR haina injini ndogo ya mkiani ya kuzalisha umeme na hewa ikiwa imeegeshwa. Badala yake huwashwa injini ya kulia huku panga lake limefungwa breki lisizunguke. Injini hiyo ikiwa imezimwa, labda kwa sababu mafuta yanajazwa au upepo unavuma kutoka nyuma, chumba cha abiria huchemka kama basi lililoegeshwa juani. Anayejua hili hawaingizi watu 70 ndani kabla ya wakati. Anawaacha kivulini dakika kumi zaidi.

Eneo linalohitaji ukali kuliko yote ni la wagonjwa na wazee. Watu husafiri kwenda Muhimbili na Bugando wakiwa hawawezi kupanda ngazi, na ndege hizi hupandwa kwa ngazi. Anayekata tiketi aombe kiti cha magurudumu saa 48 kabla, na asiishie kusema “mgonjwa”. Mashirika yana daraja tatu: anayechoka kutembea mbali lakini ngazi anapanda, asiyeweza ngazi lakini akifika ndani anatembea hadi kitini, na asiyeweza kabisa, anayebebwa hadi kitini. Kila moja lina herufi zake kwenye mfumo, na kosa la daraja ndilo linalofanya mzee abebwe mgongoni na kijana wa mizigo huku akionwa na uwanja mzima. Mjamzito naye abebe barua ya daktari akishapita wiki ya 28. Mashirika mengi huitaka, na baada ya wiki ya 36 wengi hawampandishi.

Turudi kwenye boksi. Kabla hujaondoka kaunta, soma lebo: TKQ ni Kigoma, TBO ni Tabora. Ndege inayopitia vyote viwili ikipakiwa vibaya, begi la Tabora huenda hadi ziwani ndipo lirudi. Likipotea, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo bila kuandikishiwa taarifa yenye namba: herufi tatu za uwanja, mbili za shirika, na tarakimu tano. Bila namba hiyo, kila simu utakayopiga inaanza upya. Tiketi yako ikiwa ni sehemu ya safari ya kimataifa, hata kipande cha Kigoma hadi Dar kinalindwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama: kikomo cha fidia ya mzigo ni SDR 1,519 kwa abiria tangu 28 Desemba 2024, na SDR, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), huzidi dola moja ya Marekani. Kwa safari ya ndani peke yake, soma masharti ya usafirishaji ya kampuni, andika malalamiko kwao kwanza, na yakikwama nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, au kwenye baraza lake la watumiaji.

Mkataba wa Montreal unatoa siku 7 kulalamikia mzigo ulioharibika na siku 21 kulalamikia uliochelewa, zikihesabiwa tangu ulipokabidhiwa. Kwa hiyo boksi likifika kesho yake, lipime tena pale pale, lifungue, piga picha ikionyesha lebo na kilichomo. Ukilichukua kimya kimya ukatoka nalo mlangoni, kisheria huhesabiwa kwamba ulilipokea likiwa zima, mpaka uthibitishe vinginevyo.